Linux ya eneokazi ndani ya simu: Termux, mashine pepe, au kubadilisha mfumo mzima?

Mtu anapouliza kama anaweza kuweka Linux kwenye simu yake ya Android, jibu la kwanza ni kwamba tayari anayo. Kerneli, yaani kiini kinachogawa kazi za prosesa, RAM na vifaa vingine, ni ya Linux katika kila simu ya Android. Kinachokosekana ni kile kinachokizunguka kiini hicho kwenye kompyuta: ganda la amri lenye zana za GNU, ghala la programu kama la Debian (moja ya mifumo ya Linux ya kompyuta), mpangilio wa mafaili ambao mwenye kifaa anaruhusiwa kuugusa, na eneokazi lenye madirisha yanayoweza kupangwa ubavu kwa ubavu. Kwa hiyo njia ninazozilinganisha hapa zinatofautiana kwa jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni nani anayebaki na mamlaka juu ya kerneli. Ikiwa ni Android, simu yako itaendelea kupokea pesa, kupiga picha na kuita kama jana, lakini Linux yako itakuwa mpangaji anayefuata masharti ya mwenye nyumba. Ikiwa ni wewe, masharti yanaondoka, na pamoja nayo huondoka mambo mengi uliyokuwa ukiyapata bila kuyafikiria.

Wanaotoka kwenye kompyuta hutarajia kwamba litakuwepo faili moja la kusakinisha, kama lile wanaloliweka kwenye flashi na kuliwasha kwenye kompyuta yoyote. Halipo, na sababu yake inafaa kueleweka kabla ya kuchagua chochote. Kompyuta ya kawaida ina UEFI au BIOS, programu ya kwanza kuwaka, inayoiarifu kerneli ni vifaa gani vimefungwa ndani yake. Simu nyingi, ambazo hutumia prosesa za ARM, hazina utaratibu huo: kerneli lazima ipewe mapema ramani ya vifaa vya modeli hiyohiyo, na viendeshi vya modemu, kamera na michoro mara nyingi hutolewa na watengenezaji bila msimbo wake, vikiwa vimefungwa kwenye toleo moja la kerneli. Simu mbili zinazofanana kwa sura na bei zinaweza kuwa mbali kama mbingu na ardhi katika suala hili. Ndiyo maana swali la “Linux ipi ni bora kwa simu” halina maana mpaka uwe umetaja simu yenyewe.

Termux na proot: Linux ndani ya programu ya kawaida

Termux ni programu ya Android iliyoanza mwaka 2015, na haihitaji kufungua kufuli la mfumo wa simu (bootloader) wala kupata haki za mtumiaji mkuu (root). Ukiiweka unapata terminali na ghala la vifurushi lenye Python, Git, Node, OpenSSH, Vim na vingine vingi sana, vilivyoandaliwa upya ili vifanye kazi na Bionic, ambayo ni maktaba ya C ya Android, badala ya glibc inayotumiwa na Debian na Ubuntu. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha matatizo mengi ya wanaoanza. Programu iliyoandaliwa kwa ajili ya Linux ya kawaida haifunguki moja kwa moja ndani ya Termux, kwa sababu inatafuta maktaba isiyokuwepo na folda kama /usr/bin ambazo Android haina. Za Termux ziko chini ya /data/data/com.termux/files/usr.

Dawa yake ni proot. Kifurushi kiitwacho proot-distro huleta Debian, Ubuntu, Alpine au Arch nzima ndani ya hifadhi ya Termux, na amri mbili, proot-distro install debian na proot-distro login debian, zinatosha kukuingiza. Kuanzia hapo proot hukaa kati ya programu na kerneli, hudaka maombi yanayohusu mafaili na utambulisho, na kuyabadilisha ili programu iamini kwamba imo ndani ya Debian halisi na kwamba anayeiendesha ni mtumiaji mkuu. Ni ubunifu unaostahili heshima, kwa kuwa umempa mtu mwenye simu ya bei nafuu na bando la wiki uwezo wa kujifunza kazi ya seva bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote.

Hata hivyo kila ombi linalodakwa huchukua muda. Kazi zenye mafaili mengi madogo, kama kusakinisha vifurushi au kujenga programu kutoka kwenye msimbo, huenda polepole kwa kiasi kinachoonekana, ilhali hesabu tupu za prosesa hazipungukiwi na kitu cha kutajika. Na udanganyifu huo una mpaka wake: systemd, inayosimamia huduma za mfumo, haiwaki, Docker, inayoendesha programu ndani ya makontena yaliyotengwa, haiwaki kwa sababu inahitaji uwezo wa kerneli ambao Android haumpi mtumiaji wa kawaida, na poti za mtandao zilizo chini ya 1024 hazifunguki, hivyo seva yako ya wavuti itasikiliza kwenye 8080 badala ya 80. Anayejifunza Python, anayeandika tasnifu kwa LaTeX au anayesimamia seva za mbali kwa SSH (njia salama ya kuziamuru kupitia mtandao) hatakutana na mipaka hii hata mara moja. Anayejifunza Docker atakutana nayo siku ya kwanza, na afadhali ajue sasa kuliko kupoteza usiku mzima akitafuta kosa ambalo si lake.

Eneokazi lenyewe huletwa na XFCE au mazingira mengine mepesi, likionyeshwa kupitia kiongezo cha Termux:X11 au kupitia VNC, inayotuma skrini kwa njia ya mtandao. Baina ya hizo mbili ningechukua Termux:X11, kwa sababu VNC hupakia picha ya skrini na kuituma hata pale ambapo mtumaji na mpokeaji ni simu ileile, na uzito huo huhisiwa unaposogeza dirisha. Suala la michoro linategemea prosesa. Simu za Snapdragon zina kichakata michoro cha Adreno, ambacho jumuiya ya Mesa, inayoandika viendeshi huria vya michoro, imekiandikia kiendeshi huru kiitwacho Turnip, na simu hizo zinaweza kupata michoro ya kasi hata ndani ya proot. Simu za MediaTek na Unisoc, ambazo ndizo zimejaa katika maduka yetu kuanzia Kariakoo hadi barabara ya Luthuli jijini Nairobi, kwa kawaida hutumia Mali au PowerVR, na huko hali ni ngumu zaidi. Tarajia eneokazi linalochorwa na prosesa peke yake. Kwa kuandika na kusoma linatosha. Kwa kuhariri video, hapana.

RAM ya gigabaiti 4 ndiyo ningeiita kiwango cha chini cha eneokazi lisiloudhi, maana Android yenyewe nayo inakula kutoka sahani hiyohiyo. Kwa terminali tupu, hata gigabaiti 2 hufaa.

Kuna mitego miwili ambayo haihusiani na ujuzi wa mtu. Wa kwanza ni chanzo cha programu: pakua Termux kutoka F-Droid, duka la programu huria, au kutoka ukurasa wake wa GitHub, na viongezo vyake vyote uvichukue mahali palepale, kwa sababu sahihi za usalama zinatofautiana na viongezo vya chanzo kingine vitakataa kushirikiana nayo. Wa pili ulikuja na Android 12, ambayo iliweka ukomo wa michakato 32 inayozaliwa na programu, ukihesabiwa kwa simu nzima. Eneokazi linaweza kuufikia ukomo huo, na hapo mfumo huua kazi yako katikati ukiacha ujumbe wa “signal 9” pekee. Kuanzia Android 14 kuna kitufe cha kuuzima katika mipangilio ya wasanidi programu. Katika matoleo 12 na 13 inabidi utumie amri za adb, zana ya wasanidi ya kuiamuru simu, zinazoweza kutumwa kutoka kwenye kompyuta au kutoka ndani ya Termux yenyewe kwa kutumia adb ya Wi-Fi.

Mashine pepe ya Android yenyewe

Mwezi Machi 2025 Google ilitoa kwa simu za Pixel programu ya Terminal inayoendesha Debian halisi ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya simu. Huwashwa katika mipangilio ya wasanidi programu, hupakua picha ya mfumo yenye mamia ya megabaiti, kisha hukufungulia Debian yenye kerneli yake yenyewe, ikiwa imetengwa na Android kwa msaada wa uwezo wa kutenganisha uliomo ndani ya prosesa. Inahitaji Pixel 6 au mpya zaidi. Kwa watengenezaji wengine, upatikanaji wake hutegemea iwapo prosesa na mtengenezaji wameruhusu mashine pepe za aina hiyo, na simu nyingi, hata za bei kubwa, hazijaruhusu.

Ukiiweka kando ya proot, tofauti inaonekana mara moja. Kwa kuwa kerneli ni yake, systemd inawaka, Docker inawaka, mtumiaji mkuu ni mtumiaji mkuu kweli, na hakuna tena mdakaji wa kuchelewesha kazi za mafaili. Unachokitoa ni RAM na hifadhi inayotengwa kwa ajili yake, pamoja na ukaribu na simu: kutoka Termux unaweza kusoma betri, kutuma ujumbe mfupi au kupiga picha kwa kiongezo cha Termux:API, wakati Debian ya mashine pepe imo ndani ya chumba chenye dirisha dogo la kupitishia mafaili. Awali ilikuwa ya amri tupu, na uwezo wa kuonyesha madirisha uliongezwa baadaye, hivyo upande wa eneokazi bado ni mchanga ukilinganisha na Termux:X11 yenye watumiaji wa miaka kadhaa.

Kwa mwenye Pixel inayofaa, sioni sababu ya kuanza na kingine ikiwa lengo ni kazi za seva na usanidi. Jambo moja tu linanifanya nisite kuiita njia ya kudumu, nalo ni kwamba uhai wake umo mikononi mwa anayetoa mfumo. Tumekwisha kuona mfano. Samsung ilitoa toleo la majaribio la Linux on DeX (DeX ni eneokazi lake kwa simu na tableti) mwezi Novemba 2018, likiendesha Ubuntu 16.04 kwenye Galaxy Note9 na Galaxy Tab S4, nalo lilikuwa zuri kiasi cha watu kuanza kulitegemea. Mwaka uliofuata kampuni ikatangaza kwamba mpango umekwisha na kwamba simu zitakazopandishwa hadi Android 10 hazitakuwa nao tena. Termux, ambayo ni msimbo huria usiomilikiwa na kampuni ya simu, imevuka matoleo yote hayo ikiwa na makovu lakini hai.

Kabla ya kuendelea niseme neno fupi kuhusu kupata haki za mtumiaji mkuu ndani ya Android ileile ili kuendesha Debian kwa chroot, njia ya kerneli yenyewe ya kuifanya folda moja ionekane kuwa mfumo mzima. Kasi yake ni nzuri, kwa sababu hakuna proot katikati. Lakini hatua ya kufungua kufuli la mfumo wa simu hufuta data zote, hudhoofisha ulinzi wa mfumo, na programu nyingi za benki na za pesa za simu hukagua hali hiyo na kukataa kufunguka. Kwa simu ambayo ndiyo pochi yako, mabadilishano hayo hayana faida, na kwa simu ya pili isiyo na kazi, kubadilisha mfumo mzima kutakufundisha mengi zaidi.

Kubadilisha mfumo mzima

Hapa Android inaondoka na Linux inawaka tangu kitufe cha kuwashia kinapobonyezwa. Wazo si jipya: Nokia N900 ya mwaka 2009 ilikuwa na Maemo, iliyojengwa juu ya misingi ya Debian, ikiwa na RAM ya megabaiti 256 tu, na waliowahi kuitumia bado huizungumzia kwa mapenzi. Baada yake Canonical ilitangaza Ubuntu ya simu mwaka 2013 kwa ahadi kwamba simu moja ingegeuka kompyuta ikiunganishwa na skrini. Ilipoacha mradi huo mwezi Aprili 2017, jumuiya ya UBports iliuchukua na kuuendeleza hadi leo kwa jina la Ubuntu Touch. Mwaka huohuo wa 2017 ilianza postmarketOS, iliyojengwa juu ya Alpine, kwa lengo lililo wazi la kuifanya simu iishi miaka kumi.

Miradi hii miwili imechagua majibu tofauti kwa tatizo la viendeshi nililolieleza mwanzoni, na tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kukuongoza. Ubuntu Touch, katika simu nyingi, huazima viendeshi vya Android vilivyokuja na simu kupitia tabaka liitwalo Halium. Faida yake ni kwamba kamera, simu za sauti na betri huwa karibu na hali yake ya asili. Hasara ni kwamba kerneli inabaki ile ya mtengenezaji, inayozeeka. Aidha mfumo wake mkuu hufungwa usiandikwe, na programu za eneokazi huingia kupitia kontena la Libertine, kwa hiyo anayetarajia kuandika apt install kama kwenye kompyuta atahisi amebanwa. postmarketOS na Mobian, ambayo ni Debian ya simu, zinalenga kerneli kuu ya Linux iliyo wazi kwa wote. Ukifanikiwa kuiwasha, unapata mfumo kamili wa kompyuta usiofungwa popote, ukiwa na mazingira ya Phosh au Plasma Mobile kwa kioo kidogo, na madirisha ya kawaida ukiunganisha skrini. Lakini kila kifaa kilichomo ndani ya simu lazima mtu awe ameketi na kukiandikia kiendeshi, na katika simu nyingi kamera ndiyo hubaki nyuma kuliko vyote, ikifuatwa na usingizi wa betri.

Simu zilizotengenezwa makusudi kwa kazi hii zipo. PinePhone ya Pine64 ilitoka kwa dola 149 ikiwa na RAM ya gigabaiti 2, na toleo la gigabaiti 3 lenye kituo cha kuunganishia skrini kwa dola 199. Prosesa yake ya Allwinner A64 ni dhaifu hata kwa viwango vya wakati ule, na hakuna uvumilivu utakaoifanya ifungue kivinjari kwa haraka. Librem 5 ya Purism ina RAM ya gigabaiti 3 na swichi tatu za kukata umeme wa modemu, wa Wi-Fi na Bluetooth, na wa kamera na maikrofoni, jambo lisilopatikana katika simu za Android za kawaida, lakini bei yake ni ya simu ya kifahari. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ambaye kuagiza kifaa kunaongeza usafiri na ushuru, ningependekeza badala yake OnePlus 6 au 6T iliyotumika. Ni simu za mwaka 2018 zenye Snapdragon 845, prosesa ambayo kerneli kuu inaifahamu vizuri, zina RAM isiyopungua gigabaiti 6, na kwa utendaji wa kila siku zinaipita PinePhone kwa mbali.

Pesa za simu zinahitaji neno la pekee, maana kwetu hilo ndilo swali la kwanza. Programu ya Android ya benki haitakuwepo, na hata ukiendesha Android ndani ya Linux kwa Waydroid, ukaguzi wa usalama unaweza kuikataa. Kinachoweza kubaki ni USSD, kwa namba kama *150*00# ya M-Pesa nchini Tanzania au *334# nchini Kenya, ikiwa modemu ya simu hiyo na programu yake ya kupigia zinaiwezesha. Jaribu hilo kabla ya kuhamisha laini yako kuu. Ukurasa wa kila simu katika wiki ya postmarketOS unaonyesha waziwazi kipi kinafanya kazi na kipi hakifanyi. Soma mistari ya simu za sauti, ya ujumbe mfupi na ya kamera kabla ya kusoma nyingine yoyote.

Mwenye iPhone nimwambie kwa ufupi: mlango wa kubadilisha mfumo umefungwa. Kuna iSH, inayoiga prosesa ya x86 ili kuendesha Alpine, na kuna UTM SE iliyoruhusiwa dukani mwaka 2024. Zote ni nzito kwa sababu Apple hairuhusu programu za kawaida kutafsiri msimbo wa mashine zikiwa zinaendelea kufanya kazi. Zinafaa kwa SSH na kujifunzia amri, basi.

Skrini, kibodi na mafaili yako

Njia yoyote utakayochagua, kioo cha inchi 6 hakitakufaa kwa eneokazi kwa zaidi ya dakika chache, na hapa wengi hununua kebo kabla ya kuuliza. Tundu la USB-C si lazima litoe picha. Simu nyingi za bei ya chini na ya kati zina USB 2.0 ndani ya umbo la USB-C, na adapta ya HDMI haitaonyesha kitu. Simu za Samsung za familia ya Galaxy S hutoa picha tangu S8 ya mwaka 2017, zikiwa na DeX. Familia ya Galaxy A kwa kawaida hazina. Pixel zilianza na Pixel 8, baada ya sasisho la mwaka 2024. Ikiwa simu yako haitoi picha, VNC kupitia Wi-Fi hadi kwenye kompyuta yoyote ya zamani inafaa, na kibodi ya Bluetooth ndiyo ununuzi wa kwanza ambao hutaujutia, kwa sababu kibodi ya kioo hufunika nusu ya dirisha unaloandikia.

Kuhusu hofu ya kuchagua vibaya, kuna faraja ya kiufundi. Debian ya proot, Debian ya mashine pepe na Mobian ni Debian ileile ya ARM ya biti 64. Amri ya apt-mark showmanual inakupa orodha ya vifurushi ulivyoviweka mwenyewe, na tar inakufungia folda yako ya nyumbani. Vitu hivyo viwili vinaweza kuhama kutoka njia moja kwenda nyingine bila kuandika upya kazi yako, isipokuwa kwamba kwenye postmarketOS majina ya vifurushi hubadilika kwa kuwa hutumia apk, zana ya vifurushi ya Alpine (si mafaili ya APK ya Android). Fungia nakala hiyo nje ya Termux, kwenye kadi au kwenye kompyuta nyingine, na ufanye hivyo kila wiki, kwa sababu ukiiondoa Termux kwenye simu, Android hufuta kila kilichokuwa ndani yake bila kuuliza mara ya pili.